Mpaka Maziwa, Shoga!

Shoga, mwenzio leo nimeumbuka!

Mama mkwe kaja, nikampa chai bila maziwa. Akaniambia mbele ya jirani, "Unambania mwanangu mpaka maziwa?" Mpaka maziwa, shoga!

Na mwanawe anajinywea chai yake tu, kama hayamhusu.

Uzalendo ukanishinda. Nikasema, "Mama, tunalipa deni la pikipiki yake."

Mama akamgeukia. "Si uliniambia umeinunua taslimu?"



Sasa mume wangu kaninunia, eti nimemvua nguo mbele ya mama yake. Mimi! Miezi tisa natembea kwa miguu kwenda kazini ili deni lake liishe, halafu wa kubembelezwa ni yeye!

Kesho nitatembea tena, maana imebaki miezi mitatu tu. Ila kumbembeleza, ng'o!