Usingizi wa Ashiraf

Jumatatu, 9 Septemba
Nimetolewa Mbale kuja Jinja, kulinda selo. Mfungwa mmoja tu – Ashiraf, muuza samaki wa Masese. Wanataka aseme ndugu yake Muhamad amejificha wapi. Hasemi.
Afande Erisa ametusomea kanuni. Mfungwa hapigwi, hanyimwi chakula, na baada ya kuhojiwa anaachwa alale kwa muda wa saa nne. Askari akimwamsha, kesi. Akiamka mwenyewe, basi, amemaliza kulala, anaweza kuhojiwa tena. Tukaitikia ndiyo afande. Jioni tukala posho na maharage.

Jumanne, 10 Septemba
Ashiraf alirudishwa kutoka kuhojiwa alfajiri ikikaribia, akaniomba nimgongee mlango wakati wa adhana, apate kusali. Kwa uchovu huo hataisikia. Nikaona ni jambo dogo, dini ya mtu. Nikagonga polepole. Akaniombea dua – mimi, Mkristo wa Wanale!
Alipotoa salamu ya kumaliza sala tu, Afande huyo mlangoni. Ameamka mwenyewe, akasema, kanuni imetimia. Akanitazama. Anajua nani aligonga. Wakaenda naye kumhoji tena, na usiku umeingia hawajamrudisha.
Kumbe mimi ndiye ninayemkatia usingizi.

Jumatano, 11 Septemba
Wamemrudisha tena adhana ikikaribia. Si bahati hiyo, wanapanga. Sikugonga. Akalala mpaka jua likaingia selo, na alipoamka akalia. Nikamwambia ukweli: ukisali wanakuchukua.
Akasema, "Nigongee tu, afande. Sala ndiyo inayonipa nguvu ya kutosema. Ikinipita, nitamtaja Muhamad."
Ningepaswa kumhurumia. Sikusikia kitu ndani. Nikaenda kufua soksi.

Alhamisi, 12 Septemba
Mama amepiga simu kutoka Wanale, anauliza kazi inaendaje. Nikasema nzuri, hapa tunafuata kanuni. Akamshukuru Mungu.
Leo niligonga. Wakamchukua.

Ijumaa, 13 Septemba
Wamemleta sasa hivi, wamemshika kwapani. Hana hata mchubuko. Daktari akija ataandika yuko salama, na hatakuwa amedanganya.
Adhana inatoka upande wa Mpumudde. Sijagonga. Nimechungulia – amelala chali, macho amefumba, mikono kifuani. Midomo inacheza. Wee! Anasali vile anavyosali mgonjwa, bila kuinuka.
Afande anauliza kutoka koridoni, "Wamboga, amelala?"
Nimejibu ndiyo, afande. Ninaandika ili nisiinue uso. Anakuja kujionea mwenyewe, na midomo ile bado –