Hakukuwa na Kisu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa jaladani
Umri: miaka 41
Kazi: mpiga chapa, duka la steshenari
Makazi: chumba cha kupanga nyuma ya duka hilo

Nimefanya kazi miaka tisa kwa mwenye duka, bwana tunayemwita Mtaalamu. Hapa kituoni nimeletwa na yeye, lakini ninayosema ni yangu.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, Mtaalamu aliondoa programu ya kuandikia tuliyoizoea kwenye kompyuta zote mbili, akaweka nyingine ya bure, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Dada yangu anaitumia vizuri tu. Sina ugomvi nayo. Niliomba siku mbili nijifunze. Akasema, "Mama, wewe bonyeza. Herufi ni zilezile."

Tarehe 9, saa 4:20 asubuhi, alikuja muuguzi wa zahanati, mteja wetu wa siku nyingi, kutuma maombi ya nafasi ya masomo. Faili lake liliandikwa kwa programu ya zamani. Lilipofunguka, majedwali yalihama na kurasa mbili za vyeti hazikuonekana. Nilimwonyesha Mtaalamu. Akasema, "Tuma hivyohivyo, foleni ndefu." Nikatuma. Hapo na mimi nina kosa.

Tarehe 16, saa 8:05 mchana, muuguzi alirudi. Jina lake lilikuwa limekatwa kwa kukosa vyeti. Mtaalamu akamwambia, "Programu ya bure hiyo, imetengenezwa na watu wa kujitolea. Kawalaumu wao."

Muuguzi akajibu, "Hao hawanijui. Wewe unanijua."

Akanyanyua stuli, akapiga kioo cha kompyuta mara moja, kisha akaketi sakafuni akilia. Hakumgusa mtu. Hakuwa na kisu.

Mtaalamu alikuwa anarekodi kwa simu. Saa 8:40 alikirusha mtandaoni kile kipande cha video cha stuli peke yake, akaandika kwamba amevamiwa na mwanamke mwenye kisu. Nilimsihi akiondoe. Akasema, "Acha watu wajionee." Hadi jioni maelfu walikuwa wamemtukana muuguzi, wengine wakataja anapofanyia kazi. Niliripoti chapisho hilo kwa wenye mtandao mara kumi na moja. Jibu likawa lilelile: chapisho hili halijavunja kanuni zetu.

Kesho yake nilimpeleka mama zahanati. Mgonjwa mmoja alikataa sindano ya muuguzi huyo, akamwita Mama Kisu mbele ya foleni nzima. Yeye aliweka sindano chini taratibu, akatoka. Sikuthubutu kumsalimu. Tarehe 18 alikamatwa kwa malalamiko ya Mtaalamu.

Leo asubuhi Mtaalamu amenipa karatasi yenye maneno ya kusema hapa. Neno kisu limo mara nne. Karatasi nimemkabidhi afande.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nami nakiri ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Yamepokelewa tarehe 19, saa 5:10 asubuhi, bila shuruti. Karatasi imesajiliwa kama kielelezo. Mlalamikaji ameitwa ndani kutoka kwenye benchi ili ahojiwe. Shahidi aliomba kumwona mahabusu amtake radhi. Nilimpa dakika tano. Mahabusu alimpa mgongo. Shahidi alisimama hapo hadi dakika zikaisha.