Sindano ya Fahali kwa Mtoto wa Paka

Kliniki ya Mifugo,
Chumba cha Mapokezi.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Ule mgongo umepoa, au bado unashinda kwenye kompyuta? Huku sote wazima, ila mimi roho yangu haikutulia wiki nzima.

Ile programu ya kuandikia dawa za wanyama uliyonisaidia kuianza sasa inatumika hapa kliniki. Juzi daktari alishika sindano, akasoma kioo cha kompyuta, akasita. "Hivi huyu mtoto wa paka ndiye kaandikiwa dawa ya fahali?" Nikaifuta haraka. Kufika mchana, ikawa imetoweka hata kwa fahali mwenyewe!

Nikasema hapa pana mkono wa mtu. Mpokezi wetu, tunayemwita Kimyakimya kwa kuwa hata viatu vyake havisikiki, ndiye pekee anayeigusa kompyuta hii ukiniacha mimi. Nikiingia hunyamaza, macho kwenye vidole vyangu. Nikamnong'oneza daktari amhamishie stoo. Nikabadilisha na neno la siri.

Kesho yake Kimyakimya hakuweza kufungua chochote, na bado dawa zikachanganyika.

Nikajifungia, nikaunda wanyama wawili wa uongo ndani ya programu. Nikampa mmoja dawa, na mwenzake akawa nayo! Kumbe Dada, orodha ya dawa nilikuwa nimeiweka kwenye klasi yenyewe, ule mchoro ambao wanyama wote hutengenezwa kutokana nao, badala ya kuiweka ndani ya sehemu inayomwanzisha kila mmoja. Wote walikuwa wanachangia orodha moja. Nikauhamishia huko mstari wa orodha hiyo, huo mmoja tu.

Nilirudi kwa daktari nikayafuta maneno yangu, kisha nikamwita Kimyakimya, nikamwonyesha wale wanyama wawili wa uongo, nikamwomba radhi. Hakuketi.

"Mimi nilidhani ni wewe unayeharibu," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakutazama. Hebu ongeza wa tatu."

Nikaongeza. Sehemu yake ya dawa ikatokea tupu. Akainama, akaichungulia weee, halafu akavuta kiti.

"Sasa wa nne."

Nakuomba uzipitie klasi zangu zilizobaki. Siku hizi naushuku hata mstari unaofanya kazi vizuri.

Nisalimie Shemeji, kitinda mimba wenu, na Shangazi ukimpigia simu. Mungu akupe afya na akulindie nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikosoa.