Meli Iliyomwelekeza Mgonjwa Kibla

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Sisi tu wazima, na mikorosho imechanua.

Umeuliza kama ile meli ya mizigo, iliyogeuzwa hospitali wakati wa vita, iliponya mtu kweli. Nilikuwa mfagiaji wake, na mmoja nilimshuhudia. Alikuwa askari aliyejeruhiwa mguu; ulishapona, ila aligoma kusimama. Daktari akaonya kwamba utakakamaa moja kwa moja. Mchana mmoja, yeye usingizini, maji yakaanza kupwa na meli ikageuka kwenye nanga. Akaamka uso umeelekea kibla, kama tunavyomlaza anayekata roho.

“Nani kanielekeza kibla? Mimi bado hai, jamani!”

Akatoka mbio hadi jikoni. Daktari akamsihi arudi kitandani.

“Thubutu! Leo nalala nimesimama.”

Bibi yako anayekuombea heri,
Somoe