Chupa Iliyofukizwa Ubani

Jumatano, baada ya magharibi

Bado nacheka peke yangu. Jana kule Msambweni nilimwomba Bi Mwanasiti, mwenye kisima, anishikie chupa ya kupimia maji nikivaa glavu. Kugeuka, ameshaifungua, anaifukiza ubani kama mtungi wa kunywea!

"Mgeni hapewi maji kwenye chombo kikavu hivi, mwanangu."

Nilikasirika, nakiri. Chupa ile ilichemshwa na kufungwa ili kijidudu kisiingie, na nilibakiwa na nyingine moja tu. Nikachota kwa hiyo, kwa mkono wangu.

Usiku sikulala vizuri. Choo cha jirani kiko karibu mno na kisima, na mtaa mzima unakunywa pale. Ningemwambiaje akifunge kisima?

Leo majibu yametoka: hakuna kijidudu cha kinyesi hata kimoja. Baada ya masika nitapima tena, lakini kwa sasa alhamdulillahi. Nimempelekea habari mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Maji yako ni safi."

"Marahaba. Kwani wewe ulidhani vipi?" Akanimiminia kikombe.

Miaka yote napima visima vya watu, na sijawahi kuyanywa maji yao. Leo nimekunywa vikombe viwili. Mdomo bado unanukia ubani.