Matanga ya Yaniris na Mahema Mawili

Jumatatu, 6 Mei

Bungeni tangu asubuhi. Vile vipengele vitatu vya sheria ya kutoa mimba vimekwama tena – mama akiwa hatarini kufa, mtoto asiyeweza kuishi nje ya tumbo, mimba ya kubakwa. Hapo tu ndipo daktari angeruhusiwa kutoa mimba bila kufungwa. Havikukataliwa wala havikukubaliwa. Ilipokaribia kura, wabunge wa chama cha Kengele wakakumbuka kahawa, wa chama cha Nanga wakakumbuka simu. Spika akaangalia viti vitupu, akatangaza akidi haijatimia. Chumba cha kahawa kilikuwa kimejaa mpaka mlangoni! Vyama viwili, meza moja, keki moja.

Miaka minane iliyopita Nanga ndio walikuwa madarakani. Kengele, wakiwa upinzani, waliandamana na akina mama, wakatoa machozi mbele ya kamera. Leo Kengele wako Ikulu na jambo hili "linahitaji utulivu". Nanga, waliolizika kwa mikono yao, wamegundua kwamba wanawake hufa. Dilcia Encarnación, mbunge wao anayegombea useneta, amesoma hotuba ambayo nilishawahi kuiripoti. Mwaka ule ilisomwa na kiongozi wa Kengele. Amebadilisha jina la chama tu. Nilimwambia hivyo kwenye ujia. Hakuona haya. Akasema ukweli hauna chama, doña Nereida. Naona hata mwandishi wa hotuba hana.

Jioni, habari fupi kutoka kusini. Palmar Hondo – mwanamke wa miaka ishirini na sita, mimba ya miezi mitano, dalili za kifafa cha mimba. Amefia hospitalini jana, amezikwa leo. Yaniris Florentino. Uchaguzi ni Jumapili ya wiki ijayo. Nimezima redio. Najua kinachofuata.

Jumanne, 7 Mei

Kimefuata. Asubuhi tamko la Nanga: damu ya Yaniris iko mikononi mwa Kengele. Mchana tamko la Kengele: Yaniris, mama shujaa, alichagua kufa ili mwanawe aishi. (Mtoto naye amekufa. Tamko limepita hapo kimyakimya.) Kila chama kimeahidi sheria yenye jina lake. Sheria ya Yaniris ya Nanga inaruhusu. Sheria ya Yaniris ya Kengele inakataza. Kaburi ni hilo hilo moja.

Fabio, mhariri wangu, aliuliza nani anasema kweli. Nikamjibu kwamba lazima mmoja anadanganya, na sina sababu ya kudhani ni mmoja tu. Akasema niende huko, nikae mpaka siku ya tisa, matanga yaishe. Alisema pia nivae kofia. Fabio huwa na huruma kwa mambo madogo.

Jumatano, 8 Mei

Palmar Hondo. Nyumba ya mbao, bati juu, uwanja mdogo. Na mahema mawili! Upande wa magharibi hema la njano la Kengele, upande wa mashariki hema la buluu la Nanga. Kila hema lina viti vyake, barafu yake, birika lake la tangawizi. Jina la mgombea limebandikwa mgongoni mwa kila kiti, ili mfiwa akiegemea amwegemee yeye.

Wanakijiji wana busara kuliko wenye mahema. Asubuhi wote wako kwa Kengele, kwa sababu kivuli kiko huko. Jua likipinduka wanahamia Nanga, na domino zao. Kijana wa Kengele alikuwa akihesabu watu, akapiga simu kwa furaha saa tatu. Baada ya chakula alikuwa amejiinamia. Hakuna aliyemweleza habari ya jua.

Kibanda cha bahati nasibu hakiuzi tena namba ishirini na sita. Wote wameicheza, miaka ya marehemu. Sikuona ubaya. Hao angalau walitumia fedha zao wenyewe.

Mama yake ni doña Ercilia. Mwembamba, sauti ya chini. Mume wa Yaniris ni fundi ujenzi, amelala chumba cha ndani, haongei na mtu. Kuna binti yao wa miaka minne anayekula wali wa maharagwe kwenye mapaja ya kila anayeketi. Kaka wa marehemu, Starlin, anaendesha lori la taka la halmashauri. Halmashauri ni ya Kengele. Akaja kunionya, kwa adabu: mama amechoka, mama haongei na magazeti.

Mheshimiwa Evaristo Mañón, mgombea useneta wa Kengele, alifika na walinzi na shada. Akasema mbele ya watu kwamba Yaniris ni taa. Doña Ercilia alimtazama kama mtu anayesubiri basi lipite.

Alhamisi, 9 Mei

Doña Ercilia ameongea. Sikumwomba. Nilikuwa nyuma jikoni namsaidia kumenya ndizi – mikono ikiwa na kazi watu husahau kukuogopa.

Ninaandika kama alivyosema, bila kuongeza. Ijumaa walimpeleka hospitali, presha juu, uso umevimba, haoni sawasawa. Daktari akasema dawa yake ni mimba kutoka, hakuna nyingine. Na akasema hawezi, moyo wa mtoto unapiga. Akaenda ujiani kumpigia mwanasheria. Mwanasheria akampigia wizara. Wizara ilikuwa imefunga, Ijumaa jioni. Yaniris mwenyewe alimshika daktari koti.

"Alimwambia, 'Nitoeni mimba, daktari, nina mtoto nyumbani.' Hakuchagua kitu, mwanangu. Aliomba. Aliomba mpaka ulimi ukawa mzito."

Degedege lilianza Jumamosi. Jumapili akafa.

Nikauliza jina la daktari. Tejeda. Nikaweka kisu chini. Daktari Amable Tejeda ni mgombea ubunge wa Nanga, mkoa huu huu, bega kwa bega na Dilcia. Picha yake iko kwenye nguzo ya umeme mbele ya nyumba. Chini imeandikwa: MAISHA YA MWANAMKE KWANZA.

Doña Ercilia anajua. Anaiona kila akichota maji. Akaniomba nisiandike bado. Atasema mwenyewe siku ya tisa, mbele ya wote, kisha niandike nitakavyo. Anataka jambo moja tu: watu wajue kwamba mwanawe aliomba kuishi. "Wanamfanya mtakatifu ili mtu asiseme alilia." Nikakubali. Fabio atafura. Afure.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemtembelea daktari Tejeda kwenye zahanati yake binafsi. Nilimtarajia mwongo. Nikamkuta mtu mwenye macho mekundu. Hakukana hata kimoja. Akasema angemtoa mimba ile angefungwa, leseni ingekwenda, na waliotunga sheria wangempigia simu kumpa pole. Nikamuuliza kwa nini basi yumo katika orodha ya chama kilichovizika vile vipengele. Akasema Nanga walimwahidi wodi mpya. Kisha akaniomba nisiandike. Huyu naye.

Dilcia alinipigia jioni, sauti ya asali. Amesikia nilikwenda kwa daktari. Anamtaka doña Ercilia azungumze siku ya tisa, tena ameshapanga maikrofoni. Ila ingekuwa vizuri, alisema, azungumzie sheria. Majina ya watu hayamfufui marehemu. Lakini jina la marehemu wanalihitaji sana, yeye na mwenzake wa Kengele. Hilo limeshachapwa kwenye fulana.

Jumamosi, 11 Mei

Starlin ameitwa halmashauri. Nilidhani wamemfukuza. Wamempandisha cheo! Hataendesha taka tena, atasimamia madereva, ana meza na feni. Wakamwambia tu amsaidie mama apumzike, asibebeshwe maneno na wageni. Hawakumtisha hata kidogo. Watu wazuri sana.

Alinieleza mwenyewe, nje, akizungusha ufunguo kidoleni. Ana watoto watatu, na binti wa dada yake sasa ni wa nne. Akaniuliza, "Wewe ukishaandika, doña, unapanda gari unarudi Santo Domingo. Sisi je?" Nikaliandika swali lake kwenye daftari, neno kwa neno.

Nanga nao hawakulala. Wameahidi kumsomesha yule mtoto mpaka chuo kikuu. Ahadi imetolewa mbele ya wapiga picha wawili, mtoto akiwa amelala.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua. Maji yamejaza hema la njano katikati, likatoa tumbo, likaanguka juu ya meza ya kahawa. Vijana wa Nanga wakacheka mpaka wakasahau kushika la kwao. Likafuata. Matanga yakahamia ndani, kwenye viti vya jirani visivyo na jina la mtu. Ni kwa saa mbili tu, lakini ndio wakati pekee tangu nifike nilipowasikia watu wakimzungumzia Yaniris. Alipenda kudansi. Alikuwa mbishi. Aliwahi kumrushia kiatu mchungaji aliyemwambia atii mume.

Starlin na mama yake wamegombana jikoni. Nilisikia sauti, si maneno. Starlin alitoka akapita mbele yangu bila salamu. Doña Ercilia akaja kuuliza kama kesho naweza kukaa mbele.

Jumanne, 14 Mei

Siku ya tisa. Mahema yamerudi. Madhabahu sebuleni, shuka jeupe, mishumaa, picha ya Yaniris akiwa na gauni la njano. Watu wa Kengele wameipiga picha sana kwa sababu ya rangi. Evaristo na Dilcia wameketishwa mstari wa mbele, bega kwa bega, wanajipepea kwa upepeo mmoja wa karatasi, wanapokezana. Nyuma yao daktari Tejeda. Starlin mlangoni, shati jipya.

Rozari ya mwisho imesomwa. Hapa desturi ni moja: mishumaa inazimwa, madhabahu inavunjwa, marehemu anaachwa aende. Mwongoza sala aliinama apulize mshumaa wa kwanza. Doña Ercilia akamshika mkono.

Hakutumia maikrofoni. Alisimulia kama alivyonisimulia mimi – Ijumaa, koti la daktari, simu. Alipofika kwenye maneno ya mwanawe hakupandisha sauti wala kuishusha. Watu walioko nje walisogea madirishani. Kisha akawageukia wale wawili.

"Mmekula kwangu siku zote hizi. Sasa nijibuni. Mngekuwa nyinyi mmeshikwa koti, mngemwambia nini?"

Evaristo akasema huu ni wakati wa sala.

"Nimesali, mheshimiwa. Ulikuwepo. Nijibu."

Dilcia akasema msimamo wa chama chake unajulikana kwa taifa zima.

"Sijauliza chama. Chama chako kiko hapo nyuma yako. Muulize yeye alimwambia nini."

Dilcia hakugeuka. Evaristo ndiye aliyegeuka, haraka mno, na nikaona uso wake ukifurahi – kwa mara ya kwanza ameona daktari wa Nanga anaweza kumfaa. Kisha, nadhani, akakumbuka swali lilimhusu na yeye. Uso ukarudi mahali pake.

Daktari Tejeda amesimama. Amesema, "Nilimwambia asubiri." Basi. Bado amesimama, hajui akae au atoke.

Naandika haya papa hapa, kwenye kiti. Hakuna aliyeondoka. Doña Ercilia amesema mishumaa haizimwi mpaka wawili wale wajibu, kila mtu kwa kinywa chake, na kama usiku utaingia na uingie. Mtu wa Kengele amekwenda kumnong'oneza Starlin mlangoni, mkono begani, muda mrefu. Starlin ameitikia kwa kichwa. Sasa anapita katikati ya viti kuelekea mbele, amtoe mama "akapumzike". Mama yake amemwona. Amemnyooshea mkono, kiganja juu, na mwanawe amepunguza mwendo.