Mama Amepanda Treni Bila Wewe

Nyumba za Wafanyakazi wa Reli,
Chumba namba nne.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au baridi bado inakusumbua? Sisi hatujambo, isipokuwa mama, na huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Simu nimeiogopa. Kwenye simu unaniwahi kwa kicheko, nikasahau nilichotaka kusema.

Unajua mama aliosha mabehewa miaka ishirini na sita bila kusafiri hata kituo cha pili. Mwaka jana daktari alipomwambia macho yanaelekea kuzimika, hakulia. Aliomba kitu kimoja tu: safari fupi za treni, kwenda asubuhi na kurudi jioni, aone yale mabehewa yalikuwa yanatoka wapi na matope yote yale.

Wewe ndiye uliyezipanga, sikunyimi haki yako. Ulituma ratiba uliyoiandika kwa mkono: kwanza kituo cha ziwani, halafu daraja refu, halafu milimani kwenye mahandaki. Chini ukaandika, "Msiende bila mimi. Nakuja."

Tulikusubiri Desemba, ukasema kazi. Tukakusubiri Februari, mama amevaa viatu tangu alfajiri, ukasema Aprili. Aprili hukusema kitu. Kila nilipomwambia twende sisi wawili, alinijibu, "Mwanangu amesema tumsubiri. Ataudhika." Mimi ninayemwogesha na kumchana nywele, mdogo wangu, sijui nilikuwa nani siku hizo.

Jana nilimchukua karibu kwa nguvu. Shemeji yako alibaki na watoto. Tulipata viti vya dirishani, na treni ilipofika ziwani abiria wakahamia upande wetu kuangalia. Mama alikaza macho, akanishika mkono.

"Tumefika?"

"Tumefika, mama. Maji hayo."

"Mbona naona weupe tu?"

Nikaanza kumweleza. Mimi si mtu wa maneno, maisha yangu yote ni cherehani, kwa hiyo nilimweleza kama vitambaa: maji yanang'aa kama bitana ya koti, kijani cha ukingoni kimekunjwakunjwa kama pindo lililoshonwa vibaya. Akacheka. Basi dada mmoja aliyekaa mbele yetu akamwambia, "Bibi, una bahati, umeletwa matembezi."

Mama akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona kwa miezi. "Ni mwanangu wa kiume," akasema. "Yuko mbali, lakini yeye ndiye aliyenipangia haya yote."

Sikumsahihisha. Niligeukia dirishani, nikaendelea kumweleza ziwa mpaka likaisha.

Sikuandikii uje. Ziwa, daraja, milima, kwake sasa vyote ni mamoja. Likizo yako itumie upendavyo.

Msalimie wifi yangu, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Shemeji yako anakusalimu. Yeye hana kinyongo, hicho ameniachia mimi. Mungu akulinde na akupe afya.

Nina ombi moja. Mama atakupigia akushukuru kwa safari. Mwache akushukuru. Usimpe pole, usimwambie unakuja. Mwambie tu, "Karibu, mama," kisha ukae nayo hiyo asante yake.

Nikupendaye bado, na ndiyo maana inaniuma,
Dada yako.